Mcheza Kwao Hutunzwa: Neno kwa Warekodi Klipu wa Masasi na Newala

Likizo ndefu ikikaribia, kundi letu la WhatsApp la wanafunzi tunaotoka Masasi na Newala hugeuka kuwa darasa la TikTok. Mmoja anauliza stendi ya simu Kariakoo ni shilingi ngapi. Mwingine anataka kujua saa nzuri ya kupandisha video. Wa tatu anaapa kwamba ukipandisha klipu tatu kila siku, ndani ya mwezi mmoja wafuasi elfu kumi hao hapo. Ushauri mwingi unaotembea humo si mbaya. Ila kuna swali moja ambalo sijaona mtu akiliuliza, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua mengine yote: hizo klipu tunamrekodia nani?

Nauliza kwa sababu naona vijana wetu wa Kusini, wenye vipaji na simu zinazotosha kabisa, wanaanza kwa moto na baada ya miezi mitatu wanafuta akaunti. Wanasema "watu wa kwetu hawaangalii". Sikubaliani. Tunachofanya wengi wetu ni kumrekodia mtu wa Sinza ambaye hatumjui, kwa kuiga vichekesho vya vijana wa Sinza ambao wanamjua kuliko sisi. Huyo wa Sinza ana watu wa kumhudumia tayari. Mtu wa Newala hana. Msimamo wangu ni huu: anayetaka watazamaji aanze na watu wa kwao, awape kitu wanachokihitaji, ajifunze ufundi wake vizuri, na asimdhalilishe mtu yeyote ili apate wafuasi.

Mtambo unaangalia nini

Tuelewane kwanza jinsi mambo yanavyokwenda. TikTok ilianza kusambazwa nje ya China mwaka 2017, ikaunganishwa na Musical.ly mwaka 2018. Instagram ikaleta Reels mwaka 2020, na YouTube ikaanza Shorts mwaka huohuo. Zote tatu zinafanana katika jambo moja: haziangalii sana una wafuasi wangapi. Video yako inapelekwa kwanza kwa watu wachache, halafu mtambo unatazama watu hao wamefanya nini. Wameangalia hadi mwisho? Wamerudia? Wamemtumia mwenzao? Wameihifadhi? Au wamepitisha kidole sekunde ya pili? Wakifanya vizuri, inapelekwa kwa wengi zaidi. Wakiipita, imekufa hapohapo.

Maana yake ni kwamba wale watu wachache wa mwanzo ndio mtaji wako. Kama video yako haimhusu mtu yeyote hasa, hakuna atakayeimaliza. Lakini kama mkulima wa Tandahimba akiikuta klipu inayoeleza kitu alichokuwa akijiuliza jana ghalani, ataimaliza, atairudia na atamtumia shemeji yake. Methali inasema kizuri chajiuza. Kwenye simu ni nusu ya ukweli: kizuri hujiuza pale tu kinapomfikia mtu aliyekuwa anakitafuta.

Tuchukue korosho, maana kwetu usipoijua korosho hujui kitu. Likizo yetu inaangukia msimu wa salfa, na Oktoba minada inaanza. TANECU upande wa Newala na Tandahimba, MAMCU upande wa Masasi na Mtwara. Oktoba 2024 bei za minada zilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na kijiji kizima kilikuwa kinazungumza hilo. Lakini muulize mkulima wa kawaida kwa nini bei iliyotangazwa mnadani siyo hela anayoipata mkononi. Makato gani yamekatwa, na ya nani? Kwa nini korosho zake zimewekwa daraja la pili na za jirani daraja la kwanza? Unyevu wanaupimaje? Kila swali hapo ni klipu moja ya sekunde arobaini. Mwanafunzi wa uhasibu, wa kilimo au wa ushirika anaweza kuyajibu yote baada ya kukaa asubuhi moja na katibu wa chama cha msingi.

Salfa nayo ni hivyohivyo. Tunapuliza kuzuia ubwiriunga, na wazee wanajua kwamba inapulizwa alfajiri upepo ukiwa umetulia. Wangapi wanapuliza wakiwa wamefunga kitambaa cha maana puani? Taasisi ya utafiti wa korosho iko Naliendele, hapo Mtwara, na utaalamu upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuutoa kwenye vipeperushi na kuuweka kwenye simu ya mkulima kwa lugha anayoielewa. Kwa nini mtu huyo asiwe wewe?

Ufundi bila bajeti

Sasa nije kwenye ufundi, maana nia njema peke yake haimfanyi mtu amalize video.

La kwanza ni mwanzo. Klipu zetu nyingi zinaanza na "Haloo, habari zenu ndugu watazamaji, karibuni sana kwenye ukurasa wangu, naitwa fulani, leo nimekuja na…" Hapo sekunde kumi na mbili zimeisha na mtu ameshaondoka. Najua kwetu kuanza neno bila salamu ni utovu wa adabu, na sisemi tuache salamu. Salimia huku mikono inafanya kazi. Picha ya kwanza iwe wingu la salfa likipita kwenye mikorosho, au korosho zikimwagwa kwenye mzani, na sauti yako iseme: "Shikamooni wakulima. Kilo mia ulizopima nyumbani, ghalani zimekuwa tisini na tano. Tatu zimekwendaje?" Umesalimia, na umeshamshika mtu. Atabaki hata abishe hesabu yako: "mbona ni tano!" Na akibisha kwenye komenti, ndiyo vizuri zaidi.

La pili ni sauti. Watu huvumilia picha yenye ukungu kidogo. Sauti mbaya hawaivumilii. Pale Shimo la Mungu, Newala, ukisimama ukingoni mwa tambarare na bonde la Ruvuma liko chini yako, mandhari inakubembeleza urekodi. Rekodi picha, lakini usizungumzie pale, upepo utakula kila neno. Kipaza sauti cha waya wa simu wa bei ya chini, kilichofichwa chini ya kola, kinatosha. Au rudi nyumbani, ingia chumba chenye godoro na nguo nyingi, uisomee video yako humo. Kumbuka wale waliokuwa wakitafsiri filamu za nje kwenye vibanda umiza, kama Lufufu. Watu walilipa kiingilio kwa ajili ya sauti ya mtu mmoja.

La tatu ni maandishi. Wengi wanaangalia wakiwa wamezima sauti, kuanzia dereva wa bodaboda kijiweni hadi wewe uliye katikati ya kipindi cha mhadhiri. Weka maneno makubwa ya Kiswahili, machache, juu kidogo ya katikati. Ukiyaweka chini kabisa yatafunikwa na vitufe na maelezo ya video.

La nne, jambo moja kwa klipu moja. Ukitaka kuonyesha korosho inavyotoka shambani hadi kuwa tayari kuliwa, usibane yote kwenye dakika moja. Kuchoma ni klipu yake, kubangua ni yake, kutoa ganda la ndani ni yake. Mtu aliyeona ya kubangua atakuja kuitafuta ya kuchoma, na hivyo ndivyo mtazamaji anavyogeuka kuwa mfuasi.

La tano, ukubwa wa faili. Watu wa kwetu wanapima bando kama wanavyopima mafuta ya taa, na vijiji vingi mtandao unapatikana chini ya mti fulani tu. Klipu nyingi haziwafikii kupitia TikTok. Zinafika kwa kutumiwa WhatsApp na kuwekwa stetasi. Klipu fupi, nyepesi, inayoeleweka bila kusoma maelezo ya chini, itatembea kutoka Masasi mjini hadi Kitangari bila wewe kulipia chochote. Hutaona namba hiyo kwenye akaunti yako, lakini utaisikia siku mtu asiyekujua atakapokwambia, "Kumbe wewe ndiye wa makato!"

La sita ni kujisahihisha. TikTok na YouTube zote zinakuonyesha mchoro wa sehemu ambayo watu walianza kuondoka. Tunaangalia laiki tu, huo mchoro hatuufungui. Kama wengi wanaondoka sekunde ya nane, nenda kaangalie ulisema nini sekunde ya saba. Fanya hivyo kwa klipu kumi mfululizo, utajifunza kuliko kwenye semina yoyote ya kulipia.

"Lakini kwao ni padogo"

Najua pingamizi litakalokuja. Watu wa Newala ni wachache, bando ni ghali, nitapata wapi namba? Ni hoja ya haki, tuipigie hesabu.

Ili YouTube ikugawie mapato ya matangazo kupitia Shorts, inataka uwe na wafuasi 1,000 na Shorts zako ziangaliwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Hiyo ni zaidi ya mara 111,000 kila siku. Mkoa mzima wa Mtwara, kwa sensa ya 2022, una watu wapatao milioni 1.6. Ili ufike, kila mtu mkoani, pamoja na watoto wachanga, angelazimika kukuangalia mara sita. Kwa hiyo kama mpango wako ni kulipwa na YouTube kwa klipu fupi, ni kweli kwao hakutoshi. Lakini hata ukiiga vichekesho vya Sinza hutafika, kwa sababu huko unashindana na watu waliokutangulia miaka mingi.

Hela iliyo karibu zaidi ni nyingine. Ni mwenye duka la pembejeo Masasi anayetaka wakulima wajue mashine zake za kupulizia zimefika. Ni mama anayebangua korosho anayetafuta wateja Dar es Salaam. Ni nyumba ya kulala wageni karibu na Shimo la Mungu. Hawa hawahitaji watu milioni wa popote. Wanahitaji watu elfu tatu wa hapohapo wanaokuamini. Na ukimaliza chuo, ukurasa unaoonyesha kwamba unaweza kumweleza mkulima jambo gumu akalielewa ni ushahidi wa kazi kuliko sentensi "najituma" kwenye wasifu wako.

Halafu "kwao" ni kukubwa kuliko tunavyodhani. Mbagala na Temeke kumejaa watu wetu. Ng'ambo ya Ruvuma iko Mueda, Msumbiji, tambarare nyingine ya Wamakonde. Kwale, Kenya, wapo Wamakonde ambao baada ya kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la nchi ile. Mtu aliyezaliwa Mbagala na hajawahi kuchimba ming'oko porini atakaa dakika nzima akiangalia bibi akionyesha jinsi ya kuitambua na kuichimba. Huyo ni mtu wa kwenu hata kama hajui Newala iko wapi.

Na tusimsahau Kili Paul. Yeye na dada yake Neema, kutoka kijijini mkoani Pwani, walianza kwa kufuatisha midomo nyimbo za Kihindi wakiwa na mashuka yao ya Kimaasai. Februari 2022 ubalozi wa India nchini ukampa Kili heshima, na Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja kwenye hotuba yake ya redio. Wengi tunasema "bahati". Mimi naona uamuzi. Walijua wanamrekodia nani, yaani wapenzi wa nyimbo za Kihindi. Wakarudia umbo lilelile hadi watu wakalizoea. Na walicheza wenyewe, kwa hiari yao, bila kumfanya mtu mwingine kichekesho.

Kicheko cha nani?

Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane vizuri.

Mwaka jana ilizunguka kwenye makundi yetu klipu ya ukurasa mmoja, sitautaja. Kijana mwenye kipaza sauti amemsimamisha mama mmoja gulioni, mtu wa makamo, ana kikapu kichwani. Anamuuliza maswali ya Kiingereza. Mama anajibu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwetu, kijana anageukia kamera na kukata jicho, kicheko cha kubandika kinapigwa. Iliangaliwa sana. Iliwekwa stetasi na watu ninaokaa nao bweni moja. Mama yule namfahamu, ni wa kijiji cha mama yangu. Nilipokwenda likizo niliambiwa gulio lile haendi tena, anampa mjukuu mzigo ampelekee. Bibi yangu aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Na wewe mjukuu wangu, huko chuo mnafundishwa kutucheka?"

Wapo watakaosema ni utani tu, Wamakonde na utani ni ndugu. Utani naujua. Utani una pande mbili: unanitania, nakujibu, watu wanacheka, tunaondoka pamoja. Mama yule hakuwa na namna ya kujibu. Hakuwa na simu ya kuona kinachosemwa kwenye komenti. Mwenye ukurasa alipata wafuasi, yeye akapoteza soko lake.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1906, majeraha ya Majimaji yakiwa bado mabichi, Mjerumani Karl Weule kutoka Leipzig alipita Masasi na kupanda hadi Newala akiwa na kamera ya filamu na mashine ya kurekodi sauti. Alirekodi ngoma na nyimbo za watu wetu, filamu fupifupi, ukipenda uziite klipu za kwanza za Kusini. Mwaka 1908 akatoa kitabu. Mtafiti wa leo anaweza kushukuru kwamba zilirekodiwa. Lakini watazamaji aliowakusudia walikuwa Ujerumani, na waliocheza mbele ya ile kamera walibaki Newala. Miaka mia moja na zaidi baadaye kamera iko mkononi mwa mjukuu wa wale wachezaji. Itakuwa ajabu kama na sisi tutaishika vilevile.

Jaribu kubwa zaidi ni unyago na jando. Zinaangukia likizo, zina rangi, ngoma na mapiko, kila kitu kinachomfanya mtu asimamishe kidole. Ngoma za nje, zile za mbele ya kijiji kizima, rekodi ukiruhusiwa na wenye shughuli. Lakini uso wa mwali ni uso wa mtoto. Ana miaka kumi au kumi na miwili, hawezi kukuruhusu kwa kujua, na video haifutiki akifika sekondari na wenzake wakaipata. Yanayofundishwa ndani yana wenyewe, na kuyatoa nje si ubunifu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wenzetu wa sheria watatueleza vifungu. Lakini hata isingekuwepo, somo anayejua kazi yake angekufukuza na simu yako.

Nimewahi kusikia mtu akisema heshima inaua ukurasa. Mwaka 2024 vijana wa Kenya walieleza Muswada wa Fedha kipengele kwa kipengele kwenye klipu za TikTok, wengine kwa lugha za kwao, na nchi nzima iliangalia maelezo ya kodi. Kodi! Kama kodi inaangaliwa, makato ya korosho yataangaliwa. Maji yataangaliwa: kwa nini juu ya tambarare yetu kisima ni shida, na kwa nini mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950 bado unazungumzwa kila mwaka wa uchaguzi. Vinyago vitaangaliwa, ukimpa mchongaji nafasi ya kusema mwenyewe anachochonga.

Ombi langu kwa serikali yetu ya wanafunzi ni dogo. Kabla ya likizo, wizara ya habari iandae Jumamosi moja, mihadhara isiyozidi saa tatu. Wa mawasiliano ya umma wafundishe sauti na uhariri kwa simu, wa sheria wafundishe ridhaa, wa kilimo na uhasibu watoe maswali kumi ya kweli ya mkulima. Kila mshiriki aondoke na kanuni tatu: usimrekodi mtu kabla ya kumwambia video inakwenda wapi, muonyeshe kabla ya kuipandisha, na akikuomba uifute, ifute. Tukirudi muhula mpya tukutane tuangalie klipu zetu pamoja. Na zawadi, kama ipo, asipewe mwenye namba kubwa kuliko wote. Apewe yule ambaye aliyemrekodi amekubali kurekodiwa naye tena.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, anatoka Newala.